Forex au Trei ya Biskuti: Hesabu ya Mwenye Elfu Kumi na Tatu

Swali linalonijia sana siku hizi, barazani na kwenye simu, ni la forex. Wiki hii limekuja na sura yake kamili. Mama mmoja wa Majengo anaoka biskuti za chokoleti nyumbani na kuwauzia majirani. Mtaji wake ni kama shilingi 13,000. Mwanawe anamtaka ampe fedha hizo aingie soko la sarafu, kwa ahadi kuwa zitarudi mara mbili kabla ya Ramadhani. Mama hakukataa wala hakukubali. Ameuliza tu: hiyo forex ni kitu gani?

Swali lake ni la haki, na kwa kweli jibu lake analo nusu. Sisi watu wa pwani tunaishi na bei ya sarafu za kigeni bila kuipa jina. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika kama shilingi 160. Serikali ilipopata fedha za kuanza kulipa ule mkopo wa dola bilioni 2 uliokuwa unaiva mwezi Juni, hofu ikapungua, na kufika mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Riyali ya Saudia imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja. Kwa hivyo mwenye binti anayefanya kazi Riyadh, aliyekuwa akipokea riyali 1,000, alizipata kama shilingi 42,600 mwezi Januari, na kama 34,600 miezi miwili baadaye. Mshahara wa binti haukupungua hata riyali moja.

Mama wa biskuti naye yumo humo humo. Kakao inayotoka Ivory Coast na Ghana huuzwa kwa dola, na ngano nyingi tunayokula Kenya huagizwa kutoka nje. Shilingi ikianguka, bei ya unga na ya kopo la kakao hupanda dukani. Na mwaka huo huo wa 2024 kakao yenyewe ilipita dola 10,000 kwa tani katika soko la New York, kwa sababu ya mavuno mabaya Afrika Magharibi. Shilingi ilikuwa inapata nguvu huku chokoleti ikizidi kuwa ghali.

Basi forex ni kununua sarafu moja kwa nyingine ukitarajia bei igeuke upande wako. Soko hilo ni kubwa mno. Uchunguzi wa mwaka 2022 wa benki ya kimataifa ya BIS ulikuta dola trilioni 7.5 zikibadilishwa kila siku, nyingi baina ya mabenki na mashirika makubwa. Kijana mwenye simu hafanyi biashara hiyo hasa. Yeye huweka fedha kwa broka, na kupitia programu ya simu hubashiri kama yuro itapanda au itashuka mbele ya dola. Hakuna yuro inayomfikia mkononi. Mabadiliko hupimwa kwa pipu: bei ikitoka 1.1000 ikawa 1.1001, hiyo ni pipu moja.

Pipu moja ni kitu kidogo sana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ili faida ionekane, broka humkopesha mteja nguvu ya kushika kiasi kikubwa kuliko fedha zake. Hiyo ndiyo leveriji. Tuichukue ile elfu 13, yaani kama dola 100, kwa leveriji ya 400 kwa 1. Kijana anaweza kushika yuro 30,000, thamani yake kama dola 33,000. Sasa kila pipu ni dola 3. Ikipanda pipu 30, amepata dola 90 kabla chai haijapoa, na picha ya simu itatumwa kila kundi la WhatsApp. Ikishuka pipu hizo 30, mtaji umekwisha, na kwa kawaida broka humfungia hata kabla ya hapo. Yuro kuyumba pipu 30 kwa siku moja ni jambo la kawaida tu, halihitaji vita wala msiba. Tena kuna spredi, yaani tofauti ya bei ya kununulia na ya kuuzia. Tuseme ni pipu 1.5: kijana ameshatoa dola 4.50 mara tu alipobonyeza, bei haijasogea popote.

Mambo yakienda kombo kweli, huenda kombo kwa dakika. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuizuia faranga yake isipande mbele ya yuro. Kampuni ya udalali ya Alpari ya Uingereza ilifilisika, na kuna wateja waliojikuta wanadaiwa zaidi ya walichoweka.

Wenye kusimamia masoko Ulaya, ESMA, walisema Machi 2018 kuwa kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika mikataba ya aina hii hupoteza fedha. Wakapunguza leveriji hadi 30 kwa 1 kwa sarafu kubwa. Kwetu Kenya sheria ndogo za forex ya mtandaoni zilitoka 2017, na leseni hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA. Orodha ya walio na leseni iko kwenye tovuti yake, bure. Broka asiyekuwemo, usimpe hata shilingi mia. Na huyo "mwalimu" wa Telegram anayeomba umtumie fedha akufanyie yeye, muulize leseni yake ya kusimamia fedha za watu. Mara nyingi riziki yake ni ada za wanafunzi na kamisheni ya kuwaingiza kwa broka.

Kuna na upande wa dini, na sitajifanya mufti. Kubadilisha sarafu ni halali kwa sharti la kukabidhiana papo hapo. Matatizo ni mawili. Kwanza, nafasi ikilala usiku kucha, hutozwa au hulipwa swopu, ambayo ni riba. Ziko akaunti zinazoitwa za Kiislamu zisizo na swopu, ila baadhi ya mabroka huirudisha kwa jina la ada nyingine. Pili ni huo mkopo wenyewe, unaotolewa kwa sharti ufanye biashara kupitia kwa mkopeshaji. Baraza la Fiqhi la Rabita ya Makka liliikataa biashara ya namna hii mwaka 2006. Wako wanazuoni wengine wanaoruhusu kwa masharti. Ukienda kwa sheikh wako, usimuulize "forex yafaa?" Mweleze leveriji, swopu na spredi, ndipo akupe jibu.

Kijana akitaka kujifunza, akaunti ya majaribio ipo, haina fedha za kweli. Akae nayo miezi sita na daftari. Lakini mtaji wa mama ubaki jikoni, na sababu yangu ni ya hesabu. Trei ikiungua, mama anajua kapoteza kiasi gani, na trei ya pili haikuguswa.

Kwa anayetaka kuanza: unga gramu 250, kakao gramu 50, bekin pauda kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo, vichungwe pamoja. Siagi gramu 170 ipigwe na sukari gramu 200 mpaka ilainike, litiwe yai moja na vanila, kisha unga, mwisho chokoleti iliyokatwakatwa gramu 150. Usikande kama chapati, ukishachanganyika, acha. Kwa joto letu la Mombasa donge lazima likae kwenye friji nusu saa, la sivyo siagi itayeyuka na biskuti zitatambaa zishikane trei nzima. Viringa vidonge ishirini na nane hivi, oka nyuzi 180 kwa dakika 10 hadi 12. Rangi haitakusaidia, kakao huficha kuungua, kwa hiyo angalia kingo: zikiwa zimeshika na katikati bado laini, toa. Zitakauka zikipoa. Asiye na oveni apalie makaa, machache chini na mengi juu ya mfuniko, kama tufanyavyo mkate wa kumimina.

Ukitaka kuingia madukani utahitaji cheti cha afya cha kaunti na alama ya ubora ya KEBS. Majirani hawaulizi hayo, wanauliza bei. Tuseme vitu vyote, pamoja na gesi na mifuko, vimekugharimu shilingi 600. Gawa kwa 28, kila biskuti ni shilingi 21 na senti. Ukiuza 30 zote, umebakiwa na 240. Andika pembeni bei uliyonunulia kakao siku hiyo, maana mwezi ujao hesabu yaweza kuwa nyingine.