Moyo Unapenda Kazi

Wengi wetu husema, "Kuchokachoka ndiko kuzeeka." Je, ni kweli? Hebu tutazame.

Mwaka 1953 Daktari Jerry Morris wa Uingereza alitoa habari za wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kutwa. Ilionekana kuwa makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva.

Kwa nini? Moyo ni msuli. Ukilima au ukitembea upesi, unasukuma damu kwa nguvu. Ukizoea hivyo, moyo unaimarika. Kazi ile ile haikuchoshi tena kama mwanzo.

Basi, uchovu wa jembe si ugonjwa. Kunywa maji, kula, lala, utaisha. Lakini kifua kikibana, acha kazi, nenda zahanati mara moja.

Na sisi tunaoshinda tumekaa dukani au ofisini? Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki, yaani kutembea upesi nusu saa kwa siku tano. Tuanze pole pole. Tukiutunza moyo, tunaongeza nafasi ya kuwaona wajukuu.