Bustani ya Kivulini Katika Udongo wa Mfinyanzi

Wahenga walisema, "Udongo uwahi ungali maji." Maneno hayo yalimhusu mfinyanzi wa vyungu, nasi tumeyazoea katika malezi ya watoto. Lakini mwenye bustani hana budi kuyageuza. Kwake yeye, udongo wa mfinyanzi ungali maji ndio wakati wa kuuacha kabisa, wala asiukanyage.

Ndugu msomaji, huenda nyumba yako ina kipande cha ardhi cha namna hii: kati ya ukuta na ua, chini ya mwembe au mkungu, mahali ambapo jua hupita kwa saa chache tu. Wakati wa masika pana matope yanayovua viatu. Wakati wa kiangazi pana nyufa za kuingiza kidole. Mchicha hukonda, bamia hazizai, na mwishowe pembe hiyo huwa jaa la makopo na vifuu.

Katika nyumba nyingi za Kinondoni na Temeke shauri hutolewa upesi: mti ukatwe, au pamwagwe saruji. Mashauri yote mawili yana hasara. Mwembe ukatwao asubuhi moja huhitaji miaka mingi kurudisha kivuli chake, na uani ndiko akina mama wanakopikia na watoto wanakochezea. Saruji nayo hainywi maji. Mvua iliyokuwa ikizama kwako itakwenda uani kwa jirani, na mchana sakafu hiyo itatoa joto kama kikaango. Ziko njia nyingine, na gharama yake kubwa ni subira.

UDONGO HUU WATOKA WAPI

Sehemu kubwa ya Dar es Salaam ni mchanga wa pwani. Lakini ukishuka mabondeni mambo hubadilika. Mto Msimbazi, uanzao katika vilima vya Pugu huko Kisarawe na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender, umelaza udongo mzito kandokando ya njia yake. Kwa upande wa Temeke, mabonde ya Kizinga na Mzinga yana tabia hiyohiyo. Pugu yenyewe ni mashuhuri kwa kaolini, udongo mweupe utumiwao katika kazi za vyombo vya kauri.

Chembe za mfinyanzi ni ndogo mno, chini ya sehemu mbili za elfu moja ya milimita. Kwa sababu hiyo hushikamana sana, hushika maji kwa muda mrefu, na pia hushika chakula cha mimea ambacho mchanga hukiacha kipotee na mvua. Basi udongo huu si maskini. Unachokosa ni hewa. Mizizi hupumua kama sisi, na katika mfinyanzi uliojaa maji mizizi hufa kwa kukosa pumzi. Ndiyo maana mmea hunyauka ingawa umesimama majini, naye mwenyewe, akidhani una kiu, huuongezea maji.

KUUJUA UDONGO WAKO

Chukua donge la udongo wenye unyevu kidogo, ulisokote viganjani kama unayesokota tambi. Likifanya uzi mwembamba unaopindika bila kukatika, huo ni mfinyanzi hasa. Likimomonyoka, ni mchanga.

Kisha chimba shimo la kina cha sentimita 30, ulijaze maji, uyaache yazame, halafu ulijaze tena. Ikiwa kesho yake maji bado yamo, usipande chini; yafaa uinue tuta.

KUUTAYARISHA

Kazi hii ina majira yake. Mvua za vuli huanza Oktoba, na masika hushika mwezi Machi hadi Mei. Udongo huu hulimika katika siku chache tu, pale unapokuwa umekauka kiasi cha kumeguka lakini haujawa jiwe. Mwezi Septemba, baada ya kuunywesha maji kidogo jioni na kuuacha siku moja au mbili, aghalabu hukubali jembe. Ukilimwa ukiwa tope hugandamana, na ukikauka huwa kama tofali.

Watu wengi huleta toroli mbili za mchanga wakidhani wanaulegeza. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauulegezi. Huufanya mgumu zaidi. Dawa yake ni mboji: majani makavu ya mwembe wako mwenyewe, samadi ya kuku iliyokwisha kuoza, pumba za mpunga, na makumbi ya nazi yaliyochanwachanwa na kulowekwa. Samadi mbichi huunguza mizizi. Iache ioze miezi miwili au mitatu kwanza.

Changanya mboji hiyo na udongo wa juu, uinue tuta la sentimita 20 au 25. Lakini yashike mambo mawili. Kwanza, usilundike udongo kwenye shina la mti wala kwenye ukuta wa nyumba. Shina lifunikwalo huoza, na ukuta unyonyao maji humomonyoka. Acha nusu mita tupu pembeni mwa ukuta, na zaidi ya mita moja kuzunguka shina. Pili, usikate mizizi minene ya mti. Chini ya mwembe chimba vishimo vidogo kati ya mzizi na mzizi, uvijaze mboji, upande humo. Kingo za kila kishimo zikwaruze kwa uma wa bustani au kijiti, kwa maana jembe huacha ukuta laini kama wa chungu, na mizizi huzunguka humo kama iliyofungwa.

MIMEA INAYOKUBALI

Usishindane na kivuli, chagua wanaokipenda. Wenzetu wa Kilimanjaro waliijua siri hii zamani. Katika kihamba miti mirefu husimama juu, migomba hufuata, kahawa huwa chini yake, na magimbi hujaza ardhi. Kila kimoja huishi kwa mwanga uliobakizwa na kilicho juu yake. Uani kwako waweza kufuata mpango huo kwa udogo.

Nyuma kabisa, karibu na ua, panda masale. Wachaga huyatumia kuonyesha mipaka ya vihamba, na jani lake huchukuliwa na mtu aendaye kuomba msamaha. Mmea huu huvumilia kivuli kizito, na kipande cha shina kikichomekwa ardhini humea.

Katikati, pale panapotuama unyevu, weka magimbi. Haya hupenda udongo mzito wenye maji, na majani yake mapana hupendeza kuliko maua mengi ya kununua. Hapo penye magimbi chakula na pambo ni kitu kimoja. Kandokando yake, juu ya tuta lililoinuliwa, panda manjano na tangawizi, ambazo hustahimili nusu kivuli lakini huoza zikisimama majini. Mpachori nao hukubali kivuli, na majani yake makavu hunukiza nguo sandukuni.

Mbele, jaza kangaga ndogo. Krotoni ziweke ukingoni panapofika jua la asubuhi, kwani kivulini rangi zake hufifia. Ule ukanda mkavu ulio chini ya upenu wa bati waufaa mkonge mwitu, wenye majani ya kusimama yenye michirizi. Huo huchukia maji.

Kuna jamaa mmoja ambaye hatumpandi katika mfinyanzi, ingawa ni wa kwetu na ni wa kivulini. Ni ua la Usambara, lijulikanalo duniani kwa jina la Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina hilo. Sasa hupamba madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Huko milimani huota juu ya miamba yenye kivuli, ambapo maji hupita bila kutuama. Basi liweke katika kopo lililotobolewa chini, barazani. Iliki nayo hupenda kivuli, lakini ni mtoto wa baridi ya milima kama ya Amani. Joto la Temeke haliiwezi.

MAJI, MBU NA WATOTO

Bustani ya kivulini isiwe bwawa. Mkoani Dar es Salaam ugonjwa wa dengi ulizuka mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu wake, aumaye mchana, huzaliana katika maji kidogo ya kopo au kifuu. Okota makopo yote kabla hujapanda, na maji ya bati yaelekeze kwenye magimbi kwa mfereji mdogo unaokauka. Mfereji huo usiishie kwa jirani.

Watoto waonywe kuhusu magimbi mabichi. Jani na kiazi chake huwasha vikali mdomo na koo, mpaka vipikwe vizuri. Mimea mingine ya mapambo yenye majani mapana ina sumu ya jinsi hiyohiyo. Kabla ya kununua mche kwa wauzaji wa barabarani, uliza.

Baada ya kupanda, tandaza majani makavu kwa kina cha sentimita tano, mbali kidogo na mashina na miimo ya milango, kwa ajili ya mchwa. Weka matofali machache ya kukanyagia, ili masika yakija mguu usiusindilie udongo uliouhangaikia.

Usitazamie miujiza katika vuli ya kwanza. Kila mwaka majani yataoza, minyoo itayavuta chini, na udongo utafunguka kidogo zaidi. Kwa hiyo majani ya mwembe usiyachome moto asubuhi, kama ilivyo desturi ya mitaa mingi. Yarudishe chini ya mti yalikotoka. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba cha mfinyanzi hujazwa kwa ufagio.