Mgonjwa Mmoja, Waganga Watatu

Mwanafunzi mmoja wa darasa langu alikuwa akisinzia kila asubuhi. Mara ya kwanza nilimwonya, mara ya pili nikamsimamisha nje juani, na mara ya tatu nikaandika katika daftari yake neno moja: mvivu. Najuta kuliandika neno lile. Mtoto yule, mwenye umri wa miaka 13, hakuwa amelala vema kwa majuma mengi, maana kila alipofumba macho alisikia udongo ukianguka. Baba yake alikuwa mchimbaji wa mkono wa shaba na kobalti, na siku shimo lilipobomoka mtoto alikuwa juu, akisaidia kuvuta kamba ya mifuko.

Hayo sikuyajua mpaka mama yake alipobisha hodi nyumbani kwangu hapa Kasungami, jioni moja ya baridi ya mwezi wa sita. Alikataa kiti. "Mwalimu," alisema, "baba yake mdogo anasema mtoto ndiye aliyemla baba yake. Wamempeleka kwenye nyumba ya maombi, wamemfungisha siku tatu, asile wala asinywe. Kesho wanataka kumrudisha huko."

Wasomaji wapenzi, neno hilo la kumla mtu si geni katika mitaa yetu ya Lubumbashi. Mtoto akilia usiku, akikojoa kitandani, akianguka kifafa, twamtafuta mchawi kabla ya kuutafuta ugonjwa. Wengi wa watoto walalao sokoni na barabarani walifukuzwa nyumbani kwa neno hilo hilo. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, yakataza kumshitaki mtoto uchawi, na sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 yaweka adhabu. Ni vema tuzijue sheria hizo. Lakini sheria peke yake haimwondolei baba mdogo hofu yake.

Tulimpeleka mtoto kwa mwanasaikolojia, yaani mtaalamu aliyesomea mambo ya nafsi na mwenendo wa watu. Mimi nilidhani ataanza kumhoji habari za shimo. Sivyo. Aliuliza kwanza habari za mwili: analala saa ngapi, anakula nini, je, aliwahi kuumia kichwa? Kisha akatutuma dispensari mtoto apimwe malaria, na daktari amtazame kama ana kifafa, ndipo turudi. Moyoni nilinung'unika, nikaona anatuzungusha bure. Baadaye nilifahamu. Malaria kali yaweza kumfanya mtu aweweseke hata ndugu zake waseme amerogwa, wala hakuna mazungumzo yawezayo kuiponya malaria.

Njia anayoifuata mtaalamu huyo ni ile ya kuunganisha tiba. Maana katika elimu ya nafsi kuna shule nyingi, nazo zilibishana siku nyingi kama wake wenza. Freud wa Vienna aliutafuta mzizi wa ugonjwa katika mambo ya utoto yaliyozikwa moyoni. Carl Rogers, Mmarekani aliyeacha masomo ya teolojia akaingia saikolojia, alifundisha kwamba mtu hupata nafuu akisikilizwa kwa heshima pasipo kuhukumiwa. Mwenzake Aaron Beck, tangu miaka ya 1960, alimsaidia mgonjwa kuyapima mawazo yake kama yana ukweli. Wengine wakasema haifai kumtibu mtu peke yake na kuiacha jamaa yake nje. Nao madaktari walipata dawa mpya, tangu klorpromazini ilipotolewa kwa wagonjwa wa akili mjini Paris mwaka 1952. Hata mwaka 1977 daktari mmoja wa Marekani, George Engel, aliandika kwamba mganga hana budi kuutazama mwili, nafsi, na maisha ya mtu kati ya watu, yote pamoja. Mtaalamu wa kuunganisha hajifungi katika shule moja. Humtazama mgonjwa kwanza, kisha huchagua.

Hapa nataka tuelewane. Kuunganisha si kuchanganya. Wako watu wampao mgonjwa kidonge cha daktari asubuhi, mizizi ya mganga mchana, na mfungo wa nabii usiku, wala hakuna mmoja wa hao watatu ajuaye mwenziwe anatoa nini. Huko ni kumgawa mgonjwa vipande vipande. Wapo pia waachao dawa siku nabii atangazapo kwamba wamepona, na ugonjwa ukarudi na nguvu kuliko mwanzo.

Kwa mtoto wetu kazi ilianza na usingizi. Alifundishwa kuvuta pumzi polepole na kuzihesabu, na mama yake aliambiwa alale chumba kimoja naye. Baada ya majuma kadhaa alipewa karatasi achore shimo, akalisimulia kidogo kidogo, siku moja mpaka kwenye kamba, siku nyingine mbele kidogo. Ndipo neno lililomkaba likatoka: "Kama ningalivuta upesi, baba angalipona." Mwanasaikolojia hakumwambia, "La, mwanangu, usiseme hivyo." Alimwuliza kamba ilikuwa na urefu gani, ilishikwa na watu wangapi, udongo ulianguka kwa muda gani. Mtoto akahesabu mwenyewe, akanyamaza kitambo kirefu.

Kisha aliitwa baba mdogo. Nilitazamia akaripiwe, na kusema kweli nilitaka akaripiwe. Badala yake aliombwa asimulie habari za kaka yake. Akaanza kwa ukali, akaishia kulia. Kumbe yeye ndiye aliyemtafutia kaka yake nafasi katika shimo lile.

Mtoto hakuwa ameruhusiwa kufika mazishini. Mtaalamu aliuliza kama jamaa ni watu wa sala, mama akaenda kumwomba Padre Misa ya marehemu, na safari hii mtoto alikaa kiti cha mbele, kando ya baba yake mdogo. Wengine hudhani Kanisa lamwona shetani katika kila mwenye kupayuka. La hasha. Kwa kanuni 1172 ya Sheria ya Kanisa, hakuna padre awezaye kumpunga mwenye pepo pasipo ruhusa ya pekee ya Askofu, na Katekisimu yaagiza kuhakikisha kwanza kwamba jambo lenyewe si ugonjwa.

Kwa magonjwa mazito zaidi, mjini kwetu kipo kituo cha Mabruda wa Upendo, chenye jina la daktari Joseph Guislain. Jina hilo lina historia. Mwaka 1807 padre Petro Yosefu Triest alianzisha shirika la Mabruda hao mjini Ghent, Ubelgiji. Wenye wazimu wa mji ule walikuwa wakifungwa minyororo katika vyumba vya chini vya ngome ya kale, na mwaka 1815 Triest na Mabruda wake waliwatoa. Mwaka 1828 Guislain aliwekwa kuwa mganga mkuu wa wagonjwa hao, padre na daktari wakafanya kazi moja. Mabruda hao hao wanawatunza wagonjwa wa akili hata Bukavu, katika kituo cha SOSAME.

Mtoto wetu hakuhitaji kulazwa. Mwezi wa tisa alirudi shuleni, na baba yake mdogo ndiye aliyemnunulia madaftari. Bado hukaa karibu na mlango, na mvua kubwa inapopiga mabati hutoka nje na kusimama barazani mpaka itulie. Nami simwiti.