Je, Wajua? Beni ilianzia Mombasa

Je, wajua kwamba ngoma ya beni, yenye tarumbeta na mistari ya wachezaji kama gwaride, ilichipuka pwani ya Kenya miaka ya 1890?

Ng'ambo ya Mji wa Kale wa Mombasa, upande wa Kisauni, wamishonari Waingereza walianzisha Freretown mwaka 1875 kuwapa makao watumwa walioachwa huru. Bendi ya huko ilikuwa miongoni mwa chemchemi za beni. Vijana wa Mombasa wakaunda vyama vyenye sare, vyeo na mashindano makali. Kingi, Settla na Scotchi vilikuwa baadhi yavyo.

Beni ilipofika Tanganyika, vyama pinzani vikuu vilikuwa Marini na Arinoti.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopigwa, askari na wapagazi waliisambaza beni mbali zaidi. Nchini Malawi ilizaliwa ngoma ya malipenga, ambamo vibuyu hutoa sauti ya tarumbeta. Nchini Zambia iliibuka kalela, iliyochunguzwa na mwanaanthropolojia Clyde Mitchell katika kitabu cha 1956. Naye mwanahistoria Terence Ranger aliiandikia beni historia yake mwaka 1975.

Unguja, beni bado huchangamsha harusi kwa tarumbeta na ngoma, wanawake wakiitikia na kucheza.