Hodi ya Kompyuta

Wapo wadaio kwamba Kiswahili hakiwezi kueleza mambo ya kompyuta. Mimi, mwanaisimu, napinga. Enzi za intaneti ya simu, kompyuta ya Linux ilipokataliwa mlangoni, swali lilikuwa: mwenyeji ataka hodi gani? Kwa PAP, mgeni hutaja jina na neno la siri waziwazi. Kwa CHAP, iliyofafanuliwa upya mwaka wa 1996, mwenyeji hutega kitendawili, naye mgeni hukitegua kwa siri asiyoitamka. Siri hizo huandikwa katika faili za pap-secrets na chap-secrets. Jina likihitilafiana na lile ililopewa programu ya pppd, hata kwa herufi moja, mlango haufunguki. Je, msomaji, tumekosa neno gani hapo? Kilichopungua si msamiati, bali nia ya kufundisha.