Kabla hujauza monita ya 144Hz, muulize mteja anachezea nini

Hii ni kwa wenzangu mnaouza vifaa vya gemu kwenye stetasi na Instagram, hasa mnaochukua mzigo Kariakoo na kutuma mikoani.

Mimi niko Majimoto, Katavi. Hela ya huku inatoka kwenye mpunga. Watu wakishavuna na kuuza, simu yangu inaita. Miezi mingine wanaangalia tu stetasi, wanaweka emoji ya moto, basi. Kwa hiyo ukiharibu kwa mteja mmoja msimu wa hela, umeharibu mwaka.

Msimu uliopita kijana mmoja mwenye banda la gemu alinifuata. "Kaka, nitafutie kioo kisichochelewa." Wateja wake walikuwa wanalalamika: unabonyeza pasi, mpaka mchezaji apige, mpira umeshanyang'anywa. Kwenye banda la kulipia hilo ni tatizo kubwa, maana aliyefungwa hataki kulipa. Mimi sikuuliza chochote. Nikajua tu monita ya gemu ni 144Hz, nikaagiza ya mtumba, inchi 24, laki mbili na themanini. Ikaja kwa basi mpaka Mpanda, kisha gari ya huku kupitia Sitalike na Kibaoni. Faida yangu elfu thelathini.

Siku ya tatu akanipigia. "Kaka, mbona inaandika 60? Hiyo 144 yako iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Niliyemnunulia Dar akasema mzigo ukishatoka haurudi. Ndo nikakaa chini kujifunza kitu ambacho nilikuwa nauza bila kukijua.

Hz ni idadi ya picha ambazo skrini inabadilisha kwa sekunde moja. Skrini ya 60Hz inaleta picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7 hivi. Ya 144Hz ni kama 6.9, ya 240Hz ni 4.2. Lakini skrini haitengenezi picha, inaonyesha inayoletewa. PS4 inatoa mwisho 60Hz. Uipe monita ya 144, ya 240, ya dhahabu, itatoa 60. Yule kijana alikuwa na PS4 mbili. Nilimuuzia spidi ambayo mashine zake hazina.

PS5 inaweza kufika 120Hz, ila na yenyewe inategemea gemu. Fortnite inayo hiyo. FIFA 23 kwenye PS5 inachezwa kwa 60. Sasa niambie, huku kwetu vijana wanacheza nini kama siyo mpira? Anayefaidi 144Hz kweli ni mwenye kompyuta yenye kadi ya picha nzuri, anayecheza gemu za kulenga na kupiga risasi. Na hata huyo, kutoka 60 kwenda 144 anaokoa karibu milisekunde 10 kwa kila picha, lakini kutoka 144 kwenda 240 anaokoa chini ya 3. Akiwa na bajeti ya kubana, mwambie abaki na 144.

Hapa sasa ndipo nilipokosea zaidi. Shida ya kijana haikuwa Hz kabisa. Ilikuwa kuchelewa, na hayo ni mambo mawili tofauti. TV inapokea picha, halafu inaanza kuipamba: inaongeza rangi, inalainisha mwendo, inasafisha chengachenga. Kazi hiyo inakula muda kabla picha haijatokea. Kuna TV ambazo upambaji huo unafika milisekunde 100 na zaidi. Kwenye filamu huoni kitu, kwenye penati unaona vizuri sana. Monita haina mapambo mengi, ndiyo maana inajibu haraka, hata ile ya ofisini ya 60Hz.

Na TV nyingi zina dawa yake ndani. Ingia mipangilio ya picha, tafuta palipoandikwa Game, washa. Nilienda bandani kwake tukajaribu kwenye TV yake ya zamani. Vijana waliokuwa wamekaa pale walihisi tofauti kabla hata sijawaeleza nimebonyeza nini. Yaani nilimuuzia laki mbili na themanini kitu ambacho angeweza kukipata kwa rimoti.

Kuna na ile "1ms" iliyoandikwa kwenye boksi. Wengi tunaitangaza kama ndiyo kuchelewa kwenyewe. Siyo. Huo ni muda wa vidoti vya skrini kubadilika rangi, unahusu kile kivuli kinachofuata nyuma ya mpira unapokimbia. Tena kampuni huwa inapima kwa mpangilio unaoipendeza zaidi. Usimuahidi mteja kwa namba hiyo.

Kama unataka kupima kuchelewa mwenyewe, tumia simu yenye video ya mwendo wa taratibu ya picha 240 kwa sekunde. Rekodi kidole kwenye pedi na skrini kwa pamoja, bonyeza, halafu hesabu picha kuanzia kidole kinaposhuka mpaka mchezaji anapotikisika. Kila picha ni kama milisekunde 4. Gemu lenyewe lina ucheleweshaji wake, kwa hiyo usiangalie namba moja peke yake. Linganisha skrini mbili kwa mashine ileile na gemu lilelile. Video hiyo ukiiposti inauza kuliko maneno, nimeona.

Kwa anayecheza na watu wa mbali kwa bando la simu, kuwa mkweli zaidi. Sava ikiwa Ulaya, kwenda na kurudi tu mara nyingi ni zaidi ya milisekunde 100. Hakuna kioo kinachorudisha hizo. Akinunua kwako akitegemea hivyo, atarudi.

Mkiwa Kariakoo, usikubali stika. Geuza monita, soma namba ya modeli nyuma, itafute mtandaoni ukiwa umesimama palepale. Dell P2419H, kwa mfano, ni monita nzuri ya ofisi lakini ni 60Hz. BenQ XL2411P ni 144. Kwa macho zinaweza kukuchanganya, namba haichanganyi. Angalia pia matundu ya waya. Monita nyingi za zamani zinafika Hz zake za juu kwa DisplayPort tu, kwenye HDMI zinaishia chini. Isiyo na HDMI kabisa usimpelekee mtu wa PlayStation, utaanza kuhangaika na viunganishi. Na sauti! Monita nyingi hazina spika. Mteja akiwasha, kimya, anadhani umemuuzia mbovu. Mwambie mapema kwamba atahitaji spika ya pembeni au hedifoni kwenye pedi.

Mwenye kompyuta akilalamika haoni tofauti, kabla hujagombana naye mwambie aingie mipangilio ya skrini ya Windows aangalie Hz iliyochaguliwa. Mara nyingi imebaki 60 tangu siku alipochomeka waya.

Kijana wa banda nilimbadilishia. Nikamletea monita mbili za 60Hz za ofisini, nikachukua ile ya 144, na nauli zote zikawa juu yangu. Ile ya 144 ilikaa ndani kwangu wiki saba mpaka nikampata mtu wa Mpanda mwenye kompyuta, akaichukua kwa laki mbili na nusu. Piga hesabu mwenyewe.

Siku hizi nikipata "bei gani?" ya monita, sijibu bei. Nauliza: unachezea mashine gani, gemu gani, na sasa hivi unatumia kioo gani. Wapo wanaokasirika, wanadhani nawazungusha. Kuna mmoja juzi, baada ya maswali hayo, nilimwambia awashe Game kwenye TV yake kwanza. Sikupata kitu siku ile. Jana kanitumia namba ya shemeji yake wa Usevya, anatafuta PS4 na pedi mbili.

Kama una monita dukani na hujui ni Hz ngapi, niandikie namba ya modeli iliyoko nyuma, nikipata mtandao nitakuangalizia.