CHAI TUNAICHUMA WENYEWE: JE, TUNAJUA KUINYWA?



Leo asubuhi ulikunywa nini kabla ya kwenda shambani? Labda ulikunywa uji. Labda ulikunywa chai. Kama ulikunywa chai, uliweka vijiko vingapi vya sukari? Na watoto waliokwenda shuleni, walikunywa nini?

Usidhani haya ni maswali madogo. Afya ya nyumba huanzia jikoni.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tunaifahamu chai kuliko watu wengi wa nchi yetu. Ukipita Mufindi, mkoani Iringa, utaona mashamba ya chai yaliyotandazwa vilimani kama mkeka wa kijani. Ukienda Rungwe, mkoani Mbeya, utaiona chai karibu na migomba. Ipo pia Njombe, ambayo mpaka mwaka 2012 ilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa. Wengi wenu mnaamka alfajiri, katika ukungu na baridi, mkabeba vikapu mgongoni. Vidole vyenu vinajua kuchuma majani mawili na chipukizi lake.

Lakini kulima kitu ni jambo moja, na kukitumia vizuri ni jambo jingine. Katika makala hii tutaona chai ilitoka wapi. Tutaona wenye asili yake wanainywaje. Kisha tutajiuliza: sisi tuinyweje ili itufae?

ASILI YA CHAI

Chai ilitoka China. Wachina wana hadithi ya kale sana. Wanasema palikuwa na mfalme mmoja jina lake Shennong, aliyewafundisha watu kilimo na dawa za miti. Siku moja alikuwa akichemsha maji ya kunywa chini ya mti. Upepo ukavuma, majani yakaanguka ndani ya chungu. Mfalme akayanywa maji yale, akayapenda.

Hiyo ni hadithi tu. Lakini ushahidi wa kweli nao upo. Wataalamu walichimba kaburi la mfalme mwingine wa China, aliyekufa mwaka 141 kabla ya kuzaliwa Kristo. Humo walikuta mabaki ya majani ya chai. Basi chai imetumika kwa zaidi ya miaka 2,100.

Karibu mwaka 760 baada ya Kristo, Mchina mmoja aitwaye Lu Yu aliandika kitabu kizima juu ya chai. Alieleza jinsi ya kuchuma, jinsi ya kuchagua maji mazuri, na jinsi ya kuchemsha. Siku zile watu wengine walichanganya chai na vitunguu, tangawizi na maganda ya machungwa. Lu Yu hakupenda mambo hayo. Aliona kwamba yanaharibu chai.

Hata neno letu "chai" limetoka huko. Sehemu nyingi za China chai huitwa "cha". Neno hilo lilisafiri na wafanyabiashara mpaka Uajemi na Bara Hindi, na hatimaye likatufikia sisi. Lakini Wachina wa pwani ya Fujian husema "te". Waholanzi walinunua chai kwa watu hao wakaipeleka Ulaya kwa meli. Ndiyo maana jina la chai katika lugha nyingi za Ulaya linafanana na hilo "te".

CHAI ILIVYOFIKA KWETU

Kwa muda mrefu Wachina peke yao ndio waliouza chai kwa wazungu. Waingereza waliipenda mno. Walilipa fedha nyingi mpaka wakaona hasara. Wakaanza kuwauzia Wachina kasumba, yaani dawa ya kulevya. Serikali ya China ilipokataa, Waingereza walileta vita. Vita hivyo vilianza mwaka 1839 vikaisha mwaka 1842. Baadaye Waingereza walichukua miche ya chai ya China kwa siri, wakaipeleka India. Huko India pia palikuwa na aina ya chai yenye majani makubwa, iliyoota yenyewe katika jimbo la Assam.

Hapa kwetu, Wajerumani walijaribu chai kwanza huko Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902. Mwaka 1904 wakaipanda Kyimbila, Rungwe. Kilimo cha chai cha biashara kilianza mwaka 1926, wakati wa Waingereza. Siku hizo mashamba makubwa yalikuwa ya wageni. Mwafrika alikuwa kibarua tu. Ni baada ya Uhuru wa mwaka 1961 ndipo wakulima wadogo walipoanza kwa wingi kupanda chai yao wenyewe. Mwaka 1968 Serikali iliunda Mamlaka ya Chai ili kuwasaidia.

Kwa nini chai ilikubali huku kwetu? Chai hupenda mvua nyingi, baridi ya wastani, na udongo wenye asidi. Mambo hayo yote tunayo. Tukuyu hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka.

WACHINA WANAINYWAJE?

Wachina wana msemo wa zamani. Wanataja vitu saba ambavyo kila nyumba inavihitaji kila kukicha. Vitu hivyo ni kuni, mchele, mafuta, chumvi, mchuzi wa soya, siki na chai. Unaona? Kwao chai si anasa. Inahesabiwa pamoja na kuni na chumvi.

Mgeni akifika, kwanza anapewa chai. Katika harusi za kimila, bwana na bibi arusi huwapa wazazi vikombe vya chai kwa mikono miwili. Hiyo ni heshima na shukrani. Mambo haya hayatushangazi sisi. Nasi mgeni akipiga hodi, tunateleka birika.

Mwaka 2022 shirika la Umoja wa Mataifa la elimu na utamaduni, UNESCO, liliandika ufundi wa chai na desturi zake za Kichina katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa wanadamu.

Lakini tazama kilichomo kikombeni. Wachina wengi huweka majani kidogo, wakamimina maji ya moto, basi. Hawaweki sukari. Hawaweki maziwa. Yakiisha, huongeza maji ya moto juu ya majani yaleyale, mara mbili au tatu.

Kati ya mwaka 1970 na 1975 maelfu ya mafundi wa Kichina walijenga reli ya TAZARA pamoja na Watanzania na Wazambia. Reli hiyo inapita Makambako na Mbeya. Kama wewe ni mzee wa huko, huenda uliwahi kumwona fundi wa Kichina na kikombe chake chenye mfuniko, majani yakielea ndani.

Chai yao wengi huwa ya kijani. Usidhani ni mti mwingine. Mti ni mmoja. Tofauti iko katika utengenezaji. Kwa chai ya kijani, majani hupashwa moto mapema baada ya kuchumwa, na rangi hubaki. Kwa chai yetu nyeusi, majani hunyaushwa, yakasagwa, yakaachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi. Ndipo hukaushwa.

FAIDA YA CHAI

Faida ya kwanza imo katika maji. Ili upate chai lazima uchemshe maji. Maji yaliyochemka hayana vijidudu vya kuhara na kipindupindu. Kwa hiyo mtu anayekunywa chai badala ya maji mabichi ya mtoni amejikinga.

Lakini kumbuka jambo hili. Sisi tunakaa mahali pa juu. Mahali pa juu maji hutokota kabla hayajafikia moto ule wa pwani. Basi usiipue birika mara tu unapoona mapovu. Yaache maji yatokote kwa nguvu kwa dakika tatu.

Faida ya pili ni kuchangamsha mwili. Chai ina kitu kiitwacho kafeini. Hicho huondoa usingizi na uchovu. Lakini ukinywa nyingi usiku, utakesha ukitazama dari.

Je, chai ni dawa? Hapana. Mtu akikuambia kwamba chai fulani inaponyesha malaria, kisukari au shinikizo la damu, usimpe fedha zako. Nenda zahanati.

HATARI TATU

Hatari ya kwanza ni sukari. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wapunguze sukari. Lilisema ni vizuri zaidi mtu mzima asizidishe kama gramu 25 kwa siku. Hizo ni kama vijiko sita vidogo, kwa vinywaji na vyakula vyote. Sukari nyingi huozesha meno. Huongeza unene, na unene huleta kisukari.

Sasa tupige hesabu. Nyumba yako ina watu watano. Kila mtu anakunywa vikombe viwili kwa siku. Kila kikombe kina vijiko vitatu. Hivyo ni vijiko 30 kwa siku. Kijiko kimoja kidogo ni kama gramu 4. Basi mnatumia gramu 120 kwa siku. Kwa siku 30 ni gramu 3,600, yaani kilo tatu na nusu na zaidi.

Mkipunguza mpaka kijiko kimoja kwa kikombe, mtatumia gramu 1,200 tu kwa mwezi. Mtabakiza karibu kilo mbili na nusu. Uliza bei ya sukari dukani kwenu, kisha fanya hesabu mwenyewe. Fedha hizo zingenunua mayai mangapi? Zingenunua madaftari mangapi?

Hatari ya pili ni upungufu wa damu. Hii ndiyo kubwa, nayo haionekani kwa macho. Chai ina kitu kiitwacho tanini. Ndicho kinachofanya chai iwe kali mdomoni. Tanini hukamata madini ya chuma yaliyo katika maharage na mboga za majani. Madini hayo ndiyo yanayojenga damu. Ukila maharage na kushushia chai papo hapo, sehemu kubwa ya chuma inapita bure, haiingii mwilini.

Mtu mzima mwenye afya na chakula kizuri anaweza kuvumilia. Lakini mama mjamzito je? Anahitaji damu yake na ya mtoto. Akipungukiwa damu, kujifungua kunaweza kuwa hatari kwa maisha yake. Na mtoto mdogo je? Anakua. Anahitaji chuma kila siku. Ukimpa chai ya rangi na kiazi kila asubuhi, tumbo linajaa lakini mwili haujengeki. Atasinzia darasani, na mwalimu atasema ni mvivu. Kumbe hana damu.

Basi chai si uji. Mtoto apewe uji wa lishe, maziwa, yai au karanga. Kikombe cha chai ya rangi si chakula cha mtoto.

Hatari ya tatu ni moto. Baridi ya Mufindi na Tukuyu hutufanya tunywe chai ikiwa bado inaunguza. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walieleza kwamba kunywa vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65, huenda kunasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula. Kosa si la chai. Kosa ni la moto. Subiri kidogo ipoe.

TUFANYE NINI?

Hatusemi uache chai. Chai ni zao letu. Inalipa karo na kuezeka nyumba za wengi wetu. Tunasema inywe kwa akili. Fanya hivi:

1. Chemsha maji mpaka yatokote kwa nguvu dakika tatu.
2. Punguza sukari kidogo kidogo. Wiki hii toa nusu kijiko. Wiki ijayo toa nusu nyingine. Ulimi utazoea.
3. Kunywa chai saa moja kabla au baada ya chakula. Wakati wa chakula kunywa maji safi.
4. Kula pera, chungwa au limau pamoja na maharage na mboga. Matunda hayo husaidia mwili kupokea chuma.
5. Mama mjamzito anywe chai kidogo, na vidonge vya kuongeza damu avimeze kwa maji, si kwa chai.
6. Mtoto apewe uji.
7. Acha chai ipoe kidogo kabla ya kunywa.

Wachina wamekunywa chai miaka mingi, kidogo kidogo, bila sukari, wakiongea na wageni wao. Huna haja ya kuiga kila kitu chao. Lakini jaribu siku moja. Chukua chai uliyoichuma kwa mikono yako mwenyewe, uinywe bila sukari. Utaionja chai yenyewe, labda kwa mara ya kwanza.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Chai ya kijani na chai nyeusi hutofautianaje?
2. Kwa nini maji yachemshwe muda mrefu zaidi mahali pa juu?
3. Nyumbani kwako mnatumia sukari kiasi gani kwa mwezi? Andika hesabu yako.
4. Kesho asubuhi utampa mtoto wako nini kabla hajaenda shule?